Mpambe aliyekataa moto: uchambuzi wa kisa cha kubana nywele ndefu kwa harusi ya Desemba

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya wasusi wenzangu, na kwa yeyote aliyewahi kuambiwa "sare ni hii na nywele ziwe hivi" huku nywele zake zina masharti yake. Mhusika ameridhia kisimuliwe. Majina, kanisa, ukumbi na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa.

Mteja na nywele zake

Ni binti wa miaka 20 na ushee, mkazi wa Dar es Salaam, mfanyakazi wa ofisini. Rafiki yake wa tangu sekondari alikuwa anaolewa, naye akateuliwa kuwa mmoja wa wapambe watano. Nywele zake ni za asili, hazina dawa. Ukikamata kishungi kimoja na kukivuta, ncha inagusa katikati ya mgongo. Ukikilowesha na kukiachia kikauke chenyewe, kinajikunja na kupanda mpaka juu ya bega. Unywele mmoja mmoja ni mwembamba, lakini kichwa kimejaa hasa. Kibanio cha kawaida cha dukani hakizunguki mara mbili.

Sharti lake lilikuwa moja tu: moto hapana. Miaka ya nyuma alikuwa mtu wa kupiga pasi kila mara, mpaka sehemu ya mbele, juu ya paji la uso, ikaacha kujikunja. Hata akiilowesha ilibaki imenyooka, na ncha zikawa zinakatikia kwenye chanuo. Alizikata zote zilizoharibika na kuanza upya. Kuna jambo la pili ambalo yeye hakulitaja, nikaliona mwenyewe nilipomkalisha kwenye kiti: ukingo wa nywele juu ya masikio yote mawili umepungua, alama ya rasta zilizokuwa zikisukwa kwa kubana sana.

Niseme kidogo kuhusu huo moto, maana kuna wasusi wanaodhani mteja wa namna hii anadeka. Pasi za saluni kwa kawaida huwekwa kati ya nyuzijoto 180 na 230. Kwa joto hilo keratini, protini inayojenga unywele, inaweza kupoteza umbo lake moja kwa moja, na hakuna mafuta wala stimingi itakayolirudisha. Ikipitishwa pasi kwenye nywele ambazo hazijakauka vizuri ni balaa zaidi, kwa sababu maji yaliyo ndani ya unywele huchemka na kuacha vitundu. Wapo wanaopiga pasi miaka nenda miaka rudi na nywele zao zinarudi kujikunja kama kawaida. Huyu alishajua kwamba hayumo kwenye kundi hilo.

Harusi na agizo la nywele

Ibada ilipangwa Jumamosi saa 8 mchana. Baada ya hapo picha ufukweni, kisha ukumbini kuanzia saa 1 usiku mpaka saa 6. Wapambe walitakiwa kuwa tayari wamevaa kabla ya saa 5 asubuhi ili mpiga picha awapate nyumbani kwa bibi harusi. Piga hesabu: mtindo uliomalizwa saa 3 asubuhi unatakiwa kusimama saa 15, katika Desemba ya Dar, yenye joto linalopita nyuzijoto 30 na hewa iliyojaa unyevu wa bahari. Juu ya hayo, wapambe wangeingia ukumbini wakicheza, kwa hatua walizofanyia mazoezi, na ndani yake kulikuwa na mahali pa kurusha kichwa nyuma.

Bibi harusi alituma picha kwenye grupu la WhatsApp. Mwanamitindo mwenye nywele zilizonyooka, zimelazwa mpaka zinang'aa, zimefungwa fundo dogo chini ya kisogo. Matroni akaandika chini yake kwamba wapambe wote wataoshwa, watapulizwa na kupigwa pasi kwenye saluni moja, kamati inalipa. Mteja wangu alipoeleza sharti lake, matroni alimpigia simu.

"Mdogo wangu, siku moja tu haiwezi kuua nywele."

"Dada, na zile za mwanzo zilianza kwa siku moja."

Hapakuwa na ugomvi, lakini alipofika kwangu alikuwa na hofu ya kuonekana ndiye anayeharibu harusi ya mwenzake. Alikuja na picha karibu arobaini alizozihifadhi kwenye simu. Aliomba nimchagulie mtindo mmoja.

Maswali kabla ya picha

Sikuzitazama hizo picha siku hiyo. Mtindo wa kubana bila moto hauchaguliwi kwa picha, kwa sababu picha inaonyesha nywele zikiwa zimeshanyooshwa, na tatizo letu lilikuwa hapo kwenye kunyoosha. Nilitaka kwanza kujua moto kwake unaanzia wapi. Wengine wanakataa pasi lakini wanaikubali draya ya kukalia. Wengine wanakubali hewa baridi ya draya ya mkono. Yeye alikataa vyote vyenye waya wa joto ndani yake, akakubali feni.

Kisha nikamuuliza nywele zake zinakauka kwa muda gani. Hakujua, na wengi hawajui. Nikamwomba aende nyumbani, aoshe Jumamosi mchana, asuke mabutu manane, na aniandikie hali ilivyo kila baada ya saa chache. Jioni ncha zilikuwa kavu na mashina bado yana maji. Usiku wa manane ndani ya mabutu bado palikuwa pabichi. Zilikauka kabisa Jumapili alasiri, zaidi ya saa 24 tangu zioshwe. Hiyo ndiyo namba iliyoendesha kila uamuzi uliofuata.

Tatu, bibi harusi mwenyewe. Niliomba nizungumze naye moja kwa moja, nikamuuliza katika ile picha anapenda nini hasa. Alisita kidogo, kisha akasema, "Shingo, dada. Magauni yana vifungo mgongoni, nimeyalipia pesa nyingi. Sitaki nywele ziyafunike." Hakutaja kunyooka wala kung'aa hata mara moja. Alitaka fundo lililokaa chini, mgongo wazi, na ua upande wa kushoto kwa wote watano. Hapo kazi ikawa nyepesi nusu.

Mitindo tuliyoipima

Fundo la kulazwa kwa jeli ndilo lililokaribia ile picha kuliko yote. Nywele za asili zinalazika vizuri zikiwa mbichi, bila moto wowote. Lakini kwa urefu huu, fundo lililofungwa bichi asubuhi lingekuwa bado na maji katikati wakati wa kukata keki, na kwa ujazo huu lingekuwa kubwa na zito likining'inia mahali pamoja. Zaidi ya hapo, kulaza kunahitaji kuvuta, na pale juu ya masikio hapakuwa na nywele za kuvutwa. Nililikataa bila kusita.

Kusokota kichwa kizima misokoto ya wastani na kuibana juu kungekuwa salama kuliko yote, na kungedumu hata wiki. Bibi harusi alipoonyeshwa alisema kumekaa "kikazini". Alikuwa na haki. Mteja huwa anakwenda kazini hivyo hivyo.

Vitunguu vya kufumua, yaani vifundo vidogo vinavyosokotwa nywele zikiwa mbichi na kufumuliwa zikikauka, vilimvutia mteja, kwa yale mawimbi. Nilimwonyesha vinavyokuwa baada ya nusu saa ya kusimama nje. Tukaviondoa kwenye orodha.

Msuko wa taji, ule unaozunguka kichwa kizima, ulikuwa mshindani wa kweli. Unagawa uzito vizuri na nywele ndefu ndizo zinazoufaa. Kosa lake ni kwamba kwa nyuma haufanani hata kidogo na fundo la chini, na wapambe wanaonekana zaidi kwa nyuma kuliko kwa mbele: wanaposimama madhabahuni, wanapomfuata bibi harusi, kwenye picha za vifungo.

Tulichokubaliana ni hiki. Nywele zinyooshwe kwa uzi. Pande mbili zisokotwe misokoto ya kulala, mmoja kila upande, kutoka juu ya paji kwenda kisogoni, bila kukaza. Nywele za nyuma zigawanywe mafungu matatu, kila fungu lisokotwe peke yake na kukunjwa, kisha matatu hayo yapangwe yafanye fundo moja pana chini ya kisogo. Ukilitazama kwa mbali ni fundo la chini kama la wenzake. Ukilisogelea unaona misokoto.

Jaribio

Tulifanya jaribio mapema, wiki kadhaa kabla, na lilitufundisha zaidi kuliko siku ya harusi yenyewe.

Nywele za uzi kila mtu wa umri wangu anazikumbuka. Unagawa fungu, unazungusha uzi mweusi kuanzia shinani mpaka nchani, mizunguko ikikaribiana, na nywele inasimama imenyooka ndani yake. Wengi tulisukwa hivyo tukiwa shule ya msingi. Kwa kunyoosha bila moto sijaona kinachoishinda. Mteja alisukwa uzi jioni, nywele zikiwa zimetoka kuoshwa na kukamuliwa kwa fulana ya pamba, akalala nazo. Asubuhi tulipofumua zilikuwa zimenyooka vizuri mno, ndefu, laini, naye akafurahi. Nikaingiza kidole shinani, pakawa pabichi. Kabla sijamaliza msokoto wa pili wa upande, mafungu ya nyuma yalikuwa yameshaanza kupanda.

Sababu yake inafaa kueleweka, kwa kuwa ndiyo roho ya kazi hii yote. Unywele unashikiliwa na vifungo vya aina kadhaa. Vya hidrojeni ndivyo dhaifu: vinaachia unywele ukilowa na vinajifunga upya unapokauka, katika umbo ambalo unywele unakuwa nalo wakati huo. Rola, mabutu, vitunguu na uzi vyote vinaishi kwa kanuni hiyo. Ukifumua kabla hapajakauka, vifungo vinamalizia kujifunga ukiwa umeshautoa uzi, na unywele unarudi kwenye mkunjo wake wa kuzaliwa. Na uzi unachelewesha kukauka kwa sababu umezifunika nywele. Kwa hiyo uzi haupaswi kufungwa kwenye nywele zenye maji mengi. Nywele zikaushwe kwanza kwa mabutu mpaka zikaribie kukauka kabisa, ndipo uzi uingie kuzimalizia.

Mtindo wenyewe tuliumaliza hivyo hivyo, nywele zikiwa zimepanda kiasi, ili tuupime. Hapo nikamwambia asimame acheze. Alicheka, kisha akacheza hatua zote za kuingilia ukumbini, pamoja na kurusha kichwa. Fungu la katikati likashuka. Nilikuwa nimeyashikiza mafungu kwa pini tu, na pini kwenye nywele laini zilizonyooka hazina cha kung'ang'ania. Tukasuka msuko mdogo wa kulala, umelala kutoka upande mmoja kwenda mwingine chini ya kisogo, ukafichwa na fundo. Pini zikapita ndani ya huo msuko, mbilimbili zikikatizana, upande wenye mawimbi ukitazama ngozi ya kichwa. Akarudia kucheza. Fundo halikusogea.

Jambo moja zaidi la jaribio. Nilichanganya krimu yake na jeli yangu kidogo kiganjani na kusugua. Zikatoa vipunje vyeupe. Vipunje hivyo kwenye nywele nyeusi chini ya taa za ukumbi vinaonekana kama mba, na picha za harusi zinakaa ukutani miaka. Tukabadilisha krimu. Tukaacha pia mafuta yake ya kupulizia yenye glisirini, kwa kuwa glisirini huvuta unyevu wa hewani, na unyevu huo ndio tuliokuwa tunaukimbia.

Wiki ya harusi

Jumatano jioni alipakwa mafuta ya nazi, akakaa nayo, akaoshwa. Mafuta ya nazi huingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Kwa nywele nyembamba kama zake nayapenda kabla ya shampuu kuliko baada yake. Akasukwa mabutu na kukaa karibu na feni. Alhamisi alishinda nyumbani na mabutu yake. Usiku, zilipobaki na unyevu kidogo sana, nikafumua na kuingiza uzi, mafungu yapatayo 20, mizunguko ya shinani ikiwa imelegezwa ili isivute ngozi.

Ijumaa alikwenda kazini amefunga kilemba. Huo ndio ulikuwa muda wa kukauka: usiku mmoja, mchana mzima, na usiku mwingine. Nilimwachia maagizo mawili ya kulala na kuoga. Alale na kitambaa cha satini. Asubuhi ya Jumamosi aoge kwa maji ya baridi, mlango wa bafu ukiwa wazi kidogo, kofia ya plastiki kichwani, maana mvuke wa maji ya moto ndani ya bafu dogo unaweza kuharibu kazi ya siku tatu kwa dakika kumi.

Siku yenyewe

Tulianza kufumua saa 12 asubuhi. Nilijaribu shina moja kwa kidole kwanza: kavu. Nikafumua fungu moja baada ya jingine, nikilifanyia kazi kabla ya kugusa linalofuata, ili nywele zisikae wazi hewani bila sababu. Saa 2 na nusu fundo lilikuwa limekaa.

Maua yalileta kizungumkuti kidogo. Bibi harusi alitaka asumini mbichi, na shangazi yake ana mwasumini uani. Asumini huchumwa jioni ikiwa matumba, hufunguka usiku, na kesho yake mchana imeshaanza kuwa ya kahawia. Mila yenyewe ya kuivaa pwani ni ya jioni kwa sababu hiyo. Kwa ibada ya saa 8 mchana tungewavalisha wapambe asumini iliyozeeka. Shangazi ndiye aliyelitatua: kanisani wavae maua ya kitambaa, na jioni yeye mwenyewe ataleta matumba mapya yaliyotungwa. Ikawa hivyo. Kabla ya kuingia ukumbini tulichomoa ua la kitambaa na kuzungusha uzi wa asumini kushoto mwa fundo. Ukumbini zikafunguka, na meza nzima ya wapambe ikanukia.

Ufukweni kulinyunya. Mvua ya dakika chache, miavuli ikachelewa. Nywele za mbele za mteja zikaanza kututumka kando ya misokoto.

Matokeo

Fundo lilidumu mpaka saa 6 usiku. Pini moja yenye umbo la U ilichomoka wakati wa kucheza, akairudisha mwenyewe. Nilikuwa nimemwekea pini za akiba kwenye kipochi na kumfundisha mahali pa kupenyeza. Kututumka kwa mbele kulionekana kwa karibu, lakini kwa kuwa mtindo ulikuwa wa misokoto, nywele zilizosimama kidogo zilionekana kuwa sehemu ya mtindo. Wenzake wawili waliopigwa pasi walipata shida zaidi baada ya yale manyunyu, kwani nywele iliyonyooshwa ikijikunja ukingoni inaonekana mara moja, na walipitisha nusu ya jioni wakizilaza kwa viganja.

Kwenye picha za nyuma, wapambe watano, vifungo vya magauni vyote vinaonekana. Matroni alimuuliza jina la saluni yangu, jambo ambalo kwa matroni yule ni sifa kubwa.

Jumatatu alikuja kufumua. Nywele zilizotoka kwenye chanuo zilikuwa za kawaida, ncha zilikuwa salama, na zilipooshwa mkunjo ulirudi kichwa kizima. Lakini chini ya kisogo, pale palipokuwa na ule msuko mdogo, ngozi ilikuwa inauma na kulikuwa na vipele viwili.

Uchambuzi: kilichofaa

Ratiba ndiyo iliyobeba kazi. Mtindo uleule, mikono ileile, kwenye jaribio uligoma na siku ya harusi ulisimama. Tofauti ni saa za kukauka. Msusi anayepokea mteja wa nywele ndefu asizozipitisha moto aulize swali la kukauka kabla ya kufungua picha yoyote, na kama mteja hajui, ampe kazi ya kupima nyumbani. Ukishaijua namba hiyo unahesabu kurudi nyuma kutoka saa ya kubana. Kwa huyu, kuoshwa Ijumaa kungekuwa kumeshachelewa. Kwa mwenye nywele chache za mabegani, Ijumaa asubuhi ingetosha.

Lingine ni kumfuata mwenye picha. Maelezo yaliyokuja kupitia kwa matroni yalisema "pasi". Bibi harusi mwenyewe alitaka shingo. Kati ya midomo hiyo miwili kulikuwa na ugomvi mzima ambao haukuwa na sababu. Sare ya nywele kwa watu watano wenye vichwa vitano tofauti inapatikana kwa umbo na mahali fundo linapokaa. Kufananisha aina ya nywele ndiko kunakolazimisha moto, na hata hapo kunadumu mpaka manyunyu ya kwanza.

Kugawa uzito kwenye mafungu matatu kulimfaa pia. Nywele nyingi hivi zikifungwa kwa kibanio kimoja, duara dogo la nywele ndilo linalobeba kila kitu, na mtu anakwenda ukumbini kichwa kinamgonga. Alikiri hakuumwa kichwa siku nzima. Mimi sikubaliani na ile desturi ya kusema uzuri una gharama yake na kumpa mteja dawa ya maumivu akitoka saluni. Kichwa kikiuma baada ya kusukwa, nywele zinavutwa, na zikivutwa mara kwa mara ndiyo huko kunyonyoka ukingoni alikokuwa nako tayari.

Uchambuzi: kilichogoma

Msuko wa kushikilia pini uliwekwa chini mno. Nywele za ukosini ni dhaifu, na kila mtu akiinama kusaini au kuvaa viatu, ngozi ya hapo inavutika. Mahali pake ni juu zaidi, kwenye mfupa wa kisogo ambako ngozi haichezi, na fundo linaweza kuning'inia kidogo kutoka hapo bila kupoteza umbo. Vilevile ulisukwa mwembamba. Unene wa kidole cha mwisho ungeshika pini vizuri tu na kuvuta kidogo. Vipele vyake viliisha baada ya siku chache bila kuguswa, lakini kwa mtu mwenye historia ya kunyonyoka ilikuwa hatari isiyo ya lazima.

Suala la fedha nalo halikukaa sawa. Kamati ilikuwa imelipia saluni moja kwa bei ya jumla, kwa hiyo kazi ya uzi, jaribio na kufumua vilitoka mfukoni mwa mteja. Kunyoosha kwa uzi ni saa nyingi za mikono, na msusi asipoitaja bei hiyo mapema ataifanya nusu bure, au mteja atashtuka wiki ya harusi. Itajwe siku ya maswali, ikiwa imeandikwa peke yake, mbali na bei ya kubana. Mteja akiwa nayo mkononi anaweza kuipeleka kwenye kamati mapema.

Miavuli nayo. Vuli ilikuwa haijaisha na kila mtu alilijua hilo.

Pale njia hii isipofaa

Mwenye nywele zilizowekwa dawa hahitaji uzi. Rola kubwa au mabutu makubwa manne ya usiku yanamtosha, ila achungwe pale nywele mpya za asili zinapokutana na zenye dawa, maana ndipo zinapokatikia. Mwenye nywele laini zinazoteleza, kama dada wengi wenye asili ya Kihindi au Kiarabu, tatizo lake ni kinyume: nywele hazisinyai, zinachomoka. Huyo asioshwe siku ya mwisho. Nywele za siku mbili zenye mafuta yake kidogo, zilizolazwa na misuko mikubwa usiku kucha, zinashika pini kuliko zilizotoka kuoshwa. Msuko wa kushikilia pini unamfaa hata yeye, ukianzia hapo hapo juu, kwenye mfupa.

Na anayekuja Ijumaa jioni na nywele za kufika kiunoni, mbichi, akitaka fundo la kulala bila moto kwa harusi ya kesho yake asubuhi, mimi humsokota kichwa kizima na kumbana na misokoto yake. Pengine itaonekana ya kikazini, lakini itakuwepo mpaka mwisho wa sherehe.